Shela ya Mitango

"Hivi jirani, hiyo shela umemshonea nani?"

Kinyozi aliuliza hivyo asubuhi moja akiwa amesimama kwenye upenyo wa ukuta ulio kati ya nyumba hizo mbili, mswaki bado umemjaa shavuni. Aliyeulizwa alikuwa juu ya stuli, pini nne amezibana kwa midomo, mikono yote miwili imeinua kitambaa cheupe chepesi, kile cha kufunika maharusi. Mtaa mzima walimwita Fundi, kwa sababu ya cherehani yake iliyoanza kulia mapema kuliko majogoo. Na Fundi akiwa na pini mdomoni hajibu mtu, hata nyumba iwake moto.

"Nauliza tu," Kinyozi akaendelea, "maana naona bibi harusi mwenyewe hana miguu. Ana ndoo."

Fundi alizichomoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto alichokifunga mkononi.

"Nimeyashonea matango yangu."

"Matango!" Kinyozi nusura ameze mswaki. "Mke wangu mimi alivaa shela ya kuazima, ikamfika magotini. Leo matango yanavaa ya kupimwa na fundi!"

"Cheka tu, jirani. Yakizaa utakuja hapa kuniomba."

"Yakizaa nitakuja na suti!"

Fundi naye alicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ile, chenye dirisha linalotazama uani, alikuwa amelala mama mkwe wake. Bibi huyo aliteleza bafuni akavunjika mguu, na tangu siku hiyo hakuutia tena chini. Mfupa ulishaunga. Muuguzi aliyekuja kumtazama kila Jumanne alisema waziwazi kwamba mguu umepona, anayeumwa sasa ni mwenye mguu. Bibi alikuwa akila vijiko viwili vya uji, anashukuru, kisha anageukia ukutani. Ukimwambia asimame anafumba macho kama hajasikia.

Ilikuwa Jumanne moja, kabla hata matango hayajapandwa, muuguzi alipomvuta Fundi jikoni na kumwambia kwa sauti ya chini.

"Dada, nakuambia ukweli. Asipokula hatapata nguvu za kusimama. Na asiposimama ndani ya miezi mitatu hii, magoti yatakauka hivyo hivyo yalivyo, na hapo hata mimi sitakuwa na la kufanya. Mtafutie kitu anachokitamani. Chochote kile."

Fundi alikuwa mjane kwa mwaka wa tatu sasa. Mtoto hakujaliwa kupata. Yule bibi ndiye aliyekuwa mama, ndiye mwenzake wa kuongea naye, ndiye sauti nyingine ndani ya nyumba. Kila alfajiri Fundi alipiga magoti juu ya mkeka akamwomba Mungu kwa maneno yale yale machache: asiniache peke yangu, na akibaki, abaki akitembea.

Basi siku hiyo aliketi ukingoni mwa kitanda akamwuliza, "Mama, unatamani nini?"

Bibi aligeuza uso kutoka ukutani.

"Tango la chupa," alisema.

"Nikununulie?"

"La mwanangu."

Mwanawe, yaani marehemu mume wa Fundi, kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu. Ndoo za rangi zilizokwisha alikuwa akizileta nyumbani, anazitoboa chini, anazijaza udongo na samadi iliyooza, na humo anapanda matango mafupi yenye vipele vipele. Akiyachuma yakiwa na urefu wa kidole, anayatia kwenye chupa za kioo zenye mdomo mpana pamoja na maji ya chumvi na vitunguu saumu. Yakiiva, yeye na mama yake walikuwa wakiyala wima, karibu na sinki, wanasukumana kama watoto. Fundi alikuwa akipewa lake, anatafuna huku anakanyaga cherehani. Hakuwahi kuuliza yanavyotengenezwa. Mwenye kujua alikuwapo, kuna haja gani ya kuuliza?

Alijaribu kwanza na ya sokoni. Makubwa, laini, yanateleza. Aliyakata akayatia chumvi, na siku ya nne yalikuwa kama sponji ya kuogea. Bibi alitia kipande mdomoni, akakitoa taratibu kwenye kiganja, akasema, "Asante, mkwe." Adabu ile ndiyo iliyomchoma Fundi. Heri angemgombeza.

Kisha Mungu akafanya yake. Fundi alikuwa akitafuta kifungo cha koti kwenye mkebe wake wa vifungo, mkebe anaoufungua kila siku ya maisha yake, akagusa kitu cha karatasi chini kabisa. Bahasha ndogo iliyokunjwa mara nne, yenye alama ya kidole gumba cha rangi ya bluu. Juu yake, kwa mwandiko anaoujua: *Matango mafupi. Usizike ndani sana.* Ndani yake mlikuwa na mbegu kumi na mbili.

Wateja waliokuja siku hiyo hawakuambulia kitu. Fundi alizilaza mbegu ndani ya kitambaa kibichi cha flana, akakikunja, akakiweka karibu na jiko penye joto, na kila alipopita alikichungulia kama mwenye mtoto mchanga. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tano alifunua, akapiga yowe lililosikika mpaka barabarani.

Kinyozi alitokea kwenye upenyo wa ukuta akikimbia, na nyuma yake mteja mwenye shuka shingoni, amenyolewa upande mmoja.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa! Zimeota! Mbegu tano zimetoa ulimi!"

Mteja alijishika kichwa, upande wenye nywele. "Jamani, mimi nimeachwa nusu kwa ajili ya mbegu?"

Mche mmoja uliliwa na konokono usiku wa kwanza tu. Ikabaki minne, kila mmoja na ndoo yake, na Fundi akaivutia nyuzi za kushonea jinzi kutoka kwenye ndoo mpaka kwenye misumari ya ukutani. Mitango ikapanda. Mungu wangu, jinsi ilivyopanda! Ilinyoosha vikono vyake vyembamba hewani, vikigusa uzi vinajisokota mara tatu, vinakaza. Kila asubuhi Fundi alitoka na futi yake ya kushonea, akaipima mitango kama anavyopima mikono ya mashati, akaweka alama ukutani kwa chaki ya fundi. Kisha anakwenda chumbani mbio.

"Mama! Sentimita sita kwa siku moja!"

"Mm," husema bibi, uso ukutani.

"Mama! Leo saba!"

"Mm."

Siku moja bibi alisema, "Mm. Na ule wa pembeni?" Fundi alisimama mlangoni futi ikimning'inia shingoni, hakujua acheke au alie. Alirudi uani akaupima ule wa pembeni mara mbili, asije akadanganya.

Maua ya kwanza ya manjano yalipotoka, furaha ikaingia hofu. Katika mambo ya matango Fundi alilikumbuka moja tu: vile vinzi vidogo vya rangi ya asali vinavyochoma tango likiwa changa na kuliozesha kwa ndani, na mumewe alivyokuwa akivifukuza kwa kofia huku akivitukana. Tena palikuwa na kuku wa Kinyozi, ambao hawakuujua ukuta ni nini. Ndani ya kabati palikuwa na kitambaa cha shela kilichobaki kwenye kazi ya harusi, mita nyingi. Akili ikamwambia: shona.

Ndivyo ilivyokuja asubuhi ile ya swali la Kinyozi. Fundi aliishona shela kama anavyoshona kila kitu, bila kuacha tundu. Akaikunja pindo, akaitia lastiki ikashika mdomo wa kila ndoo, akapitisha ushono wa pili juu ya ule wa kwanza. Hata upepo uliomba ruhusa kuingia. Aliposhuka kwenye stuli, mitango yake minne ilisimama ukutani myeupe, imenyooka, kama iko mbele ya mpiga picha.

"Haya, vinzi," alisema, "njooni sasa."

Vinzi havikuja. Maua yakafunguka mengi, ya manjano kama kiini cha yai. Baada ya siku chache yakatokea yale aliyokuwa akiyangoja, maua yenye tango dogo sana nyuma yake, dogo kama punje ya mchele yenye vipele. Alipiga vigelegele mwenyewe. Siku ya tatu yake lile tango dogo lilikuwa limegeuka manjano. Ya nne likaanguka. Likafuata jingine. Akaongeza maji, akapunguza maji. Akaomba asubuhi, akaomba na mchana. Yakaanguka matatu mengine.

Muuguzi alikuja Jumanne, akayapima magoti ya bibi kwa viganja vyake. Alipotoka alimtazama Fundi tu. "Wiki tatu," alisema.

Hata Kinyozi aliacha kutania. Alipita kwenye upenyo wake, akaangalia, akasalimia kwa heshima kama yuko msibani. Hilo lilimtisha Fundi kuliko wiki tatu.

Asubuhi iliyofuata aliokota mawili zaidi, akaketi kwenye stuli na matango saba madogo ya manjano mapajani. Hakulia. Alikuwa anayahesabu tu, anayahesabu tena.

"Mfungulie mgeni wako."

Sauti ilitoka dirishani. Fundi aliinua kichwa. Pazia lilikuwa limesogezwa pembeni kwa ncha ya mkongojo, na bibi alikuwa ameegemea kiwiko kitandani, macho yake uani.

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo anayebisha hodi tangu juzi. Humwoni?"

Fundi alidhani homa imempanda mama mkwe wake. Kisha akafuata ule mkongojo unakoelekeza. Juu ya shela, kwenye mshono, alikuwa akitembea nyuki mmoja. Alipanda mpaka juu, akashuka, akazunguka pindo yote, akajaribu kwenye lastiki, akarudi juu, kama mteja aliyekuta duka limefungwa na anasikia watu ndani.

"Huyo ni nyuki, mama."

"Najua ni nyuki! Nimevunjika mguu, macho sikuvunjika. Ua dume lina unga wake, ua jike linausubiri. Atakayeupeleka ni nani, na wewe umemfungia mlango kwa lastiki?"

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu aanguke. Kwenye upenyo wa ukuta Kinyozi alisimama na mashine ya kunyolea ikinguruma hewani bila kichwa.

Fundi alifyatuka. Yeye ambaye hukemea mtu akivuta uzi wa mshono mzuri, alishika mkasi akaipasua shela toka juu hadi chini, krrrr, kazi ya siku mbili. Nyuki akaingia kabla mkasi haujatoka.

"Sasa usimwachie yeye peke yake," bibi akaamuru. "Mwanangu alikuwa anafanya kwa mkono wake kabla jua halijakaza. Chuma ua dume, lile lenye shingo nyembamba."

"Hili?"

"Hapana, hilo ni jike, lina mtoto mgongoni! Liache!"

"Hili hapa?"

"Eh. Livue majani yake ya manjano, kibaki kile cha katikati. Sasa kipake ndani ya lile jike. Taratibu, siyo kama unapiga pasi!"

Kinyozi alirukaruka. "Jirani, nina brashi ya kufutia shingo, laini sana, nikuletee?"

"Brashi yako ina nywele za mtaa mzima!" bibi akamkaripia. "Kaa mbali na wajukuu zangu!"

Neno hilo lilitua uani. Fundi aliinama juu ya ua la pili, akalipaka unga wake.

Majike yaliyofunguka asubuhi ile yalikuwa mawili tu. Siku ya tatu Fundi alitoka na futi. La kwanza: kijani. La pili: kijani, na limenenepa! Sentimita tatu. Kesho yake tano. Shela sasa ilifunguliwa kila alfajiri, ikafungwa kwa pini mchana nyuki wakishamaliza kazi, na yule mmoja alikuja na ndugu zake wote, mpaka uani pakawa panavuma kama cherehani kumi. Kila siku palikuwa na majike mapya, na kila siku bibi alikuwa dirishani na mkongojo wake, anaelekeza. Aliomba mto wa pili ili aone vizuri. Alimaliza bakuli la uji, akasema ni ili apate nguvu za kupiga kelele.

Lakini mguu hakuutia chini. Fundi akimnyooshea mkono, anasema, "Kesho." Akimwuliza kesho, anageukia ukutani. Jumanne muuguzi alifurahi kuona bakuli tupu, kisha akaacha kufurahi.

"Kula ameanza, Mungu ashukuriwe. Sasa mbona hasimami? Zimebaki wiki mbili, dada."

Alfajiri ya siku ya pili yake Fundi alichuma matango kumi na manne. Marefu kama kidole, baridi, vipele vyake vikimchoma viganja. Aliyaleta ndani kwa upande wa gauni lake, anacheka peke yake, akayamwaga kitandani kwa bibi. Bibi alilishika moja, akalizungusha, akalinusa kwa muda mrefu.

"Usingoje jioni," alisema. "Yaoshe sasa hivi. Halafu kila moja likate upande ule uliokuwa na ua, kidogo tu, kama unakata kucha."

"Kwa nini, mama?"

"Ukiacha kile kitako, chupa yote inalainika. Ya kwako yale ya sokoni ulikata?"

"Sikukata."

"Ndiyo maana nilikula kitambaa."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Akayapanga wima ndani ya chupa, yamebanana kama abiria, vitunguu saumu katikati, pilipili manga chini. Akaja na bakuli la maji ya chumvi mpaka kitandani.

"Chumvi kiasi gani?"

"Mwanangu hakupima. Alikuwa anaonja. Iwe kali kidogo kuliko machozi." Bibi alimtazama. "Machozi unayajua."

"Nayajua, mama."

"Na mimi nayajua."

Wakaonja wote wawili, kijiko kimoja. Bibi akatikisa kichwa: ongeza. Fundi akaongeza. Wakaonja tena. Sasa. Maji yakamwagwa juu ya matango, jiwe dogo lililochemshwa likawekwa juu yasielee, kifuniko kikafungwa.

Siku sita zile, kazi za watu zilichelewa, na Mungu amsamehe. Siku ya pili maji yakaanza kuwa na ukungu. Ya tatu, mapovu yakapanda kwa mistari, na kila asubuhi Fundi alilegeza kifuniko, chupa ikashusha pumzi, fsss, naye akaifunga tena. Ya tano, rangi iliondoka kwenye kijani cha jani ikawa kijani cha kaki, rangi anayoijua kwa kushona mashati ya walinzi. Alimpelekea bibi chupa aitazame kwenye mwanga. Alimpelekea tena baada ya chakula cha mchana.

"Utaichosha," bibi alisema, lakini hakuirudisha haraka.

Siku ya sita ilikuwa Jumanne. Muuguzi alifika saa tatu na mkoba wake. Kinyozi alifika kwenye dirisha saa tatu na dakika moja, amevaa koti la suti juu ya kaptura na kandambili.

"Nilisema nitakuja na suti," akasema. "Suruali haikunitosha."

Fundi alifungua chupa. Harufu ya kitunguu saumu na chumvi ikajaa chumba; ilikuwa harufu yenyewe, ile ya sinki, ile ya mikono yenye rangi ya bluu. Alilitoa moja, likadondosha maji kwenye kisahani. Akampa mama mkwe wake kwa mikono miwili.

Bibi alilitazama. Akaling'ata.

Kacha!

Sauti hiyo ilisikika mpaka uani. Bibi alitafuna, macho amefumba, taya zikienda polepole. Muuguzi alisimama na mkoba mkononi. Kinyozi alishika nondo za dirisha. Fundi alikuwa anaomba bila kutoa sauti, maneno yale yale machache.

"Chumvi imezidi kidogo," bibi akasema.

Akang'ata tena. Likaisha. Akanyoosha mkono, akapewa la pili. Alipofika katikati yake alisimamisha meno akafumbua macho.

"Kwenye mitango yamebaki mangapi?"

"Leo sijaenda kuangalia, mama. Nilikuwa na hii chupa."

"Hujaenda?"

"Nitakwenda baadaye."

"Baadaye saa ngapi, na jua lote hilo? Yakikaa mpaka kesho yatakuwa makubwa kama yale ya sokoni! Wajukuu zangu wananenepa huko nje, wewe uko hapa unanitazama nikila?"

Akaisukuma shuka pembeni. Mguu mmoja ukagusa sakafu, ukatafuta kandambili, ukaipata. Wa pili ukafuata. Muuguzi aliruka ili amshike, lakini Fundi alimzuia kwa mkono, bila kumtazama. Bibi aliukamata mkongojo uliokuwa umeegeshwa dirishani. Akajiinua. Magoti yalitetemeka kama mche wa siku tatu, yakayumba huku, yakayumba kule, yakakaza. Alikuwa wima. Nusu tango bado lilikuwa mkononi mwake. Akalitia lote mdomoni, akapita katikati yao, kacha, kacha, hatua moja kisha nyingine, akausukuma mlango wa uani kwa bega, akatoka zake.